Kitanda cha Prado

Mimi nilichotaka ni kuikwepa gesti tu. Unatoa 30,000 yako, unapewa chumba chenye feni inayolia kama mbuzi wa Idi, na taulo ambalo ni bora usiulize limemfuta nani. Nikajiambia: nina Prado kuukuu pale nje, siti zake za nyuma kabisa hazijakaliwa tangu Neema amalize darasa la saba. Ziting'olewe, lijengwe boksi lenye droo mbili, juu godoro. Tukienda Lushoto tunalala ndani ya mali yetu.

Mama Neema akanitazama. "Baba Neema, na choo ni droo ya ngapi?"

Nikaona huyu hapendi maendeleo, nikaenda Keko kwa maseremala.

Fundi niliyempata alikuwa na futi iliyokatika mwanzo, inaanzia inchi ya nne. Kwa hiyo kila kipimo lazima utoe nne, na yeye hutoa siku akikumbuka. Nilitaka plaiwudi ya milimita 12. Akacheka. "Hiyo ya kabati la vyombo, bosi. Weka 18, utakuja kunishukuru." Tukanunua tatu. Jipande la futi nne kwa nane la unene huo lina kilo 30 na ushee, mimi nikalijua hilo nilipoliinua, pesa ishatoka. Yaani nimepakia mtu mzima na mwanawe, hawalipi nauli wala hawashuki kituo chochote. Gari likachuchumaa nyuma, pua juu kama linanusa pilau. Usiku taa zake zinamulika popo.

Sasa boksi lifungwe. Fundi akashika drili, anataka kutoboa sakafu. Nikamwuliza, chini ya hapo kuna nini? Akainama, akachungulia, akainuka. "Chini kuna lami, bosi." Baba, chini kuna tangi la mafuta! Nilimnyang'anya drili kama namnyang'anya mtoto kiberiti. Mwisho tukatumia matundu yaleyale ya siti tulizong'oa, boliti zilezile, wala hakukuhitajika kutoboa kitu. Hiyo akili ilikuwa yangu, naomba iandikwe mahali, maana kwenye stori hii nzima ni hiyo moja tu.

Urefu nao. Mimi nina sentimita 178. Tulipopanda kujaribu, nafasi ikawa 165. "Lala kimshazari, bosi." Na mama watoto? "Naye kimshazari." Tukawa herufi ya X. Ikabidi iongezwe bawaba na kipande cha ubao, ukisukuma siti za mbele unakikunjua, miguu inapata pa kukaa. Kwenda juu ndiyo usiseme. Droo zimekula sentimita 35, godoro inchi nne, kilichobaki kati ya pua na dari ni cha kupumulia. Kugeuka ubavu mnapanga kwanza: moja, mbili, tatu, haya.

Tukatoka Dar saa kumi alfajiri. Njia nzima ya Chalinze malori yananipigia taa, yanadhani nimewawashia kubwa kwa makusudi. Reli za droo zinaimba kwichi-kwichi. Kufika Mkata, jua limeshachomoza, pah! Pancha.

Sikutishika. Tairi la akiba linaning'inia mlango wa nyuma, kila mtu analiona. Jeki je? Jeki ya gari lile hukaa nyuma, ubavuni, ndani ya kifuniko cha plastiki. Na mbele ya kifuniko, kwa ustadi mkubwa, fundi amesimamisha ukuta wa plaiwudi wa milimita 18.

Ikashuka sufuria. Likashuka dumu la maji, mito, blanketi, godoro, gunia la mchele wa mkwe, vyote vikapangwa kwenye majani. Skrubu za ule ubao nilizihesabu: 22. Bisibisi yangu ipo, nzuri tu. Ipo kwenye mfuko wa spana. Mfuko wa spana uko pamoja na jeki.

Kijana wa bodaboda akaniazima yake. Nikiwa kwenye skrubu ya tisa, mzee mmoja akasimamisha baiskeli, akaangalia godoro, akaangalia sufuria, akamwangalia Mama Neema aliyekaa juu ya mto. "Poleni sana wanangu. Mwenye nyumba kawafukuza usiku?" Mama Neema akaitika, "Ndiyo, mzee, ndivyo ilivyokuwa." Mzee akatuachia machungwa matatu.

Lushoto tulifika. Nikaegesha pua ikitazama mlimani, nikafungua mlango wa nyuma, droo ikatoka yenyewe na dumu la lita 20 ndani, ikanipata kwenye ugoko. Komeo la dirisha, la 2,000, lingetosha kuizuia. Usiku baridi ile mnaijua, tukafunga vioo vyote, alfajiri vioo vinatiririka ndani kama tumelala kwenye sufuria ya makande. Kumbe inatakiwa uache upenyo kidogo pande zote mbili, pembeni chandarua. Kuna jamaa alinishauri niingize jiko la mkaa tupate joto. Huyo nimemfuta kwenye simu, hewa ya mkaa ule inaua mtu hata hajakohoa.

Usiku wa pili tulilala gesti. 30,000. Feni hawana, baridi.

Jeki sasa inakaa mbele, imeviringishwa kanga, chini ya miguu ya Mama Neema. Tukipita tuta inamgonga kifundo. Haongei. Ananigeukia tu, ananitazama mpaka tuta linalofuata.