Masanduku 1,300 ya mtu asiyependa kujieleza

Septemba 2015 lilitoka jarida la Radio Times la Uingereza likiwa na mahojiano ya muigizaji wa Marekani Robert De Niro ambayo hayakufika mwisho. Alikuwa na miaka 72, na alikuja kuinadi filamu yake mpya, The Intern. Mwandishi alimuuliza anafanyaje ili asijikute anaigiza kwa mazoea tu, kisha likafuata swali kuhusu mtaa wa Tribeca, New York, na jinsi watu wa benki walivyouvamia. De Niro aliona maswali yale yamebeba shutuma ndani yake. Akasimama, akasema haendelei. Habari ikazunguka dunia, na hukumu ikawa ile ile anayopewa tangu miaka ya 1970: huyu mzee ana kiburi, au ana hasira, au kichwani hana la kusema, kipaji tu kimemwangukia.

Hiyo hukumu ya tatu ndiyo inayonikera. Kiburi na hasira ni mambo ya tabia, kila mtu na zake. Lakini kudai kwamba mtu asiyeeleza kazi yake hajaifikiria ni kosa la kupima, na kwa De Niro kosa hilo lina ushahidi unaoweza kushikwa kwa mkono.

Wanaomlaumu nao wasipuuzwe, maana wana hoja. Nyota wa filamu halipwi kwa kuigiza peke yake. Kuinadi filamu ni sehemu ya kazi, studio inapanga mahojiano, mwandishi anasafiri, anajiandaa, halafu anakutana na mtu anayejibu kwa neno moja na kuangalia pembeni. Huo ni usumbufu wa kweli kwa mtu aliye kazini. Isitoshe, De Niro si bubu. Mei 2025 alipopewa Palme d'Or ya heshima kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, alimshambulia rais wa nchi yake waziwazi, na haikuwa mara ya kwanza. Amefanya matangazo ya mikate na ya magari nchini Uingereza. Kwa nini basi mdomo unafunguka kwenye siasa na biashara, na kufunga ukiulizwa juu ya Jake LaMotta, bondia aliyemwigiza katika Raging Bull?

Kuna pia hoja ya wanaojifunza, nayo naiona nzito zaidi. Mwaka 1987 muigizaji wa Uingereza Michael Caine alikaa na waigizaji vijana mbele ya kamera za BBC akawafundisha kazi hatua kwa hatua: ukichukuliwa sura kwa karibu, usipepese macho, chagua jicho moja la mwenzako ulitazame, usihangaike kati ya yote mawili. Kijana yeyote mwenye kanda ile alipata darasa bila kulipa ada. Mtu aliyefika pale alipofika De Niro, akakataa kuwaonyesha njia wanaokuja nyuma, anaweza kuonekana mchoyo.

Ningekubali angekuwa amekataa. Mwaka 2006 De Niro alivitoa vitu vyake vya kazi kwa Harry Ransom Center, maktaba ya nyaraka ya Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin: masanduku zaidi ya 1,300 ya karatasi, filamu, mavazi na vifaa. Mwaka 2009 yakafunguliwa kwa watafiti. Namba hiyo nimeifikiria mara nyingi. Sanduku moja la karatasi ni mzigo wa kubeba kwa mikono miwili. Masanduku 1,300, hata ukifungua moja kila siku bila kupumzika Jumapili wala sikukuu, yatakuchukua zaidi ya miaka mitatu na nusu. Na ndani si picha za kujisifu. Mna skripti za kazi zilizojaa maandishi yake pembeni mwa kurasa, maswali anayomuuliza muhusika, maelezo ya nguo na viatu, barua, matokeo ya utafiti. Mna hata leseni yake ya udereva teksi.

Hiyo leseni isipitwe haraka. Kabla ya Taxi Driver, iliyotoka 1976, De Niro alikuwa Italia akipiga filamu nyingine. Akipata nafasi alirudi New York, akatoa leseni kwa jina lake na kuendesha teksi zamu za usiku, akibeba abiria wa kweli kwa nauli ya kweli. Wakati huo tayari ana Oscar. Alikuwa ameipata Aprili 1975 kwa kumwigiza Vito Corleone kijana katika The Godfather Part II, uhusika alioucheza karibu wote kwa lugha ya Sisilia, ambayo ilibidi ajifunze. Hata kuipokea hakwenda. Muongozaji wake, Francis Ford Coppola, ndiye aliyepanda jukwaani kwa niaba yake. Kwa hiyo mtu ana tuzo kubwa kuliko zote za sinema Marekani, na usiku anamuuliza abiria, "Unakwenda wapi?"

Mtu wa namna hiyo ana mengi ya kusema, ila ameyasema pengine. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, nasi tumezoea kuyatumia maneno hayo kwa maembe na kwa wachumba. Kwa muigizaji yana uzito wake. Kwa Raging Bull, filamu ya 1980, alijifunza ndondi chini ya LaMotta mwenyewe mpaka mwili ukawa wa bondia, kisha upigaji picha ukasimamishwa kwa miezi ili anenepe. Aliongeza ratili zipatazo 60, yaani kama kilo 27. Kwenye zile sehemu za mwisho utamwona anahema hata akiwa amekaa, shingo imezama, vidole vimevimba. Pumzi ile haikuigizwa. Mtu akimfuata na kinasa sauti baada ya hapo na kumuuliza, "Ulijisikiaje ndani ya uhusika?", kusema kweli jibu alishalitoa kwa mwili wake, na maneno yoyote atakayoongeza yatakuwa mepesi kuliko lile tumbo.

Aliyemlea katika hili ni Stella Adler, mwalimu wa uigizaji wa New York ambaye mwaka 1934 alikwenda Paris kujifunza kwa Stanislavski mwenyewe, mwalimu mkubwa wa uigizaji kutoka Urusi, akarudi akipinga ile desturi ya kumtaka muigizaji achimbe vidonda vyake vya maisha ili alie jukwaani. Adler alisisitiza maandiko na ubunifu: soma skripti, jua huyu mtu anatoka wapi, anakula nini, anaamini nini, kisha mjenge. Mwanafunzi wa shule hiyo huwezi kumuuliza, "Ni kitu gani katika maisha yako ulichotumia hapa?" ukategemea afurahi. Swali lenyewe limetoka shule nyingine. Na mahojiano mengi ya sinema yamejengwa juu ya swali hilo hilo, kwamba nyuma ya kila uhusika kuna siri ya binafsi, na kazi ya mwandishi ni kuichomoa.

Mahali ambapo kimya chake kinanipa shida hata mimi ninayemtetea ni Machi 1981. Tarehe 30 John Hinckley alimpiga risasi Rais Ronald Reagan nje ya hoteli mjini Washington. Hinckley alikuwa ameitazama Taxi Driver mara nyingi, akawa na wazimu juu ya Jodie Foster, aliyeigiza humo msichana mdogo anayeuzwa mitaani, na mwendo wake ulifuata nyayo za Travis Bickle, dereva teksi aliyeigizwa na De Niro. Sherehe za Oscar zilizokuwa zifanyike siku hiyo ziliahirishwa hadi kesho yake, na kesho yake De Niro akashinda kwa Raging Bull. Nyuma ya jukwaa waandishi walimuuliza juu ya Hinckley. Hakutaka kuingia huko, akaondoka. Mwaka uliofuata, kesini, baraza la wananchi waliokuwa wakiamua hatima ya Hinckley lilionyeshwa filamu nzima.

Je, hapa umma haukuwa na haki ya kusikia neno? Sura iliyokaa kichwani mwa Hinckley ni ya De Niro, si ya mwandishi wa skripti wala ya muongozaji. Ninaposoma wanaosema alipaswa kuongea, sioni wivu wala umbea ndani yake, naona watu walioogopa. Na risasi za siku ile zilimwachia msemaji wa Rais, James Brady, ulemavu wa maisha. Kukaa kimya mbele ya jambo kama hilo kunaweza kuonekana kama kujificha.

Lakini jaribu kumwandikia De Niro jibu la usiku ule. Akisema Travis ni mgonjwa, amemgeuza mtu aliyemjenga kwa miezi kuwa onyo la barabarani. Akianza kueleza kwa nini Travis anafanya anayoyafanya, upweke, vita, kukosa usingizi, anaonekana anamtafutia udhuru, na udhuru huo kesho yake ungekuwa mikononi mwa wakili. Paul Schrader, aliyeandika skripti, ameeleza mara nyingi jinsi ilivyomtoka katika kipindi kibaya cha maisha yake, akilala ndani ya gari. Mwandishi anaweza kueleza chanzo, kwa sababu chanzo ni chake. Muigizaji akieleza, anaweka saini juu ya maana, na tangu hapo kila anayeitazama ile sura anaitazama kupitia saini hiyo. Naona alikuwa sahihi kutosaini, ingawa gharama ya kutosaini ilikuwa kubwa, na hakuilipa peke yake.

Sehemu inayonisaidia kuliona hili ni ile ya kioo. Kwenye skripti, kwa maelezo ya Schrader, palikuwa na maelekezo tu kwamba Travis anajisemesha mbele ya kioo. Maneno hayakuwemo. "Unaongea na mimi?" yalitoka kwa De Niro mwenyewe, akiwa na bastola iliyofungwa mkononi na muongozaji Martin Scorsese akimhimiza aendelee. Tangu hapo watu wametafuta ameyaokota wapi: wako wanaosema kwa mwanamuziki jukwaani, wako wanaosema kwa mchekeshaji wa vilabuni. Hakuna jibu kati ya hayo linaloongeza chochote kwenye ile dakika.

Mimi niliiona mara ya kwanza kwenye kibanda cha video, benchi la mbao, mlango umezibwa kwa blanketi. Sisi wa vibandani tulizoea filamu iliyoelezwa. Tanzania alikuwepo Lufufu, Kenya wana DJ Afro, na kila mtaa ulikuwa na wake: mtafsiri ameshika maiki, anakwambia steringi ni nani, adui ni nani, huyu kakasirika kwa sababu gani, hata yale ambayo muandaaji hakuyaweka. Ilikuwa raha kubwa, na sitaisema vibaya kazi ile. Siku hiyo mtafsiri alikuja nayo vizuri mpaka kwenye kioo. Akaanza, "Sasa hapa steringi anamwambia…" akasita, kwa kuwa hapakuwa na wa kuambiwa. Akashusha maiki. Kwa muda ule tulimsikia De Niro mwenyewe kwa sauti yake, bila kuelewa Kiingereza chake chote, na kibanda kizima kilitulia. Kijana mmoja nyuma alisema taratibu, "Huyu anajiongelesha," na hakuna aliyecheka. Sijui kama pale ndani kulikuwa na mtu aliyehitaji maelezo zaidi.

Kuhusu vijana wa uigizaji, ni kweli kwamba Austin ni mbali, na kijana wa Tandale au Kisumu hatapata viza ili akasome pembezoni mwa skripti ya mtu. Darasa la Caine linamfikia kwa simu, masanduku ya De Niro hayamfikii. Hilo nalikubali bila kuzunguka. Ila lililomo ndani ya masanduku yale ni aina ya somo lisiloweza kusemwa kwenye kiti cha mahojiano kwa dakika ishirini, bango la filamu likiwa nyuma ya mgongo. Mahojiano yangetupa kauli. Pembezo za skripti zinamwonyesha mtu akiwa bado hajajua, anauliza, anafuta, anajaribu tena. Waigizaji wetu wachache sana wanatunza hata skripti moja yenye maandishi yao. Nyingi zinaishia kufungia vitumbua.

Kuna wakati De Niro aliongea kwa kirefu mbele ya kamera kuhusu msanii na kazi yake, na msanii huyo hakuwa yeye. Mwaka 2014 televisheni ya HBO ilionyesha filamu fupi ya kumbukumbu juu ya baba yake, Robert De Niro mkubwa, mchoraji aliyefariki 1993 bila kupata umaarufu aliostahili. Wazazi walitengana mtoto akiwa mdogo, na baba aliishi na siri ya kuvutiwa na wanaume katika zama zisizomruhusu kuitaja. Mwana ameitunza studio ya baba huko SoHo kama ilivyoachwa, brashi, turubai, vitabu, na amewapeleka watoto wake waione. Kwenye filamu ile anasoma shajara za baba kwa sauti. Mambo ambayo baba hakuwahi kumweleza uso kwa uso yalikuwa mle, kwa mwandiko wa mkono, na mtu ambaye waandishi wameshindwa kumtoa sentensi mbili juu ya uhusika wake anafika mahali sauti inakatika, anasubiri, kisha anarudi kwenye ukurasa na kuendelea kusoma.