Karanga zilizofungwa kwa ankara ya mtu

Juzi jioni Ngamiani, Tanga, barabara ya nane, nimenunua karanga za mia tano. Nimezimaliza, nataka kutupa karatasi, macho yakagota: ankara ya mzigo uliopita bandarini kwetu. Jina la mwagizaji, namba yake ya mlipakodi (TIN), bei aliyonunulia marumaru, katoni kwa katoni. Mshindani wake angeilipia laki.

"Bibi, karatasi hizi unazitoa wapi?"

"Steshenari, mwanangu. Wananipa bure."

Kutoa mizigo ndiyo kazi yangu, kwa hiyo najua ilivyofika huko. Benki, bima, ghala, mwenye lori, kila mmoja anataka "kopi ya kila kitu". Dereva anahitaji namba ya kontena na uzito tu. Sisi tunamrushia WhatsApp faida nzima ya mtu. Ndio ushirikiano huo!

Sasa watu wa blokicheni, lile daftari la kidijitali linalotunzwa na wengi kwa pamoja na lisilofutika, pamoja na makelele yao ya sarafu za mtandaoni, jambo hili wamelifikiria. Tazama Hyperledger Fabric, programu ya kujengea daftari la aina hiyo. Si daftari la kila mpita njia, wanachama wanajulikana. Wenye biashara moja wana chumba chao, na humo humo siri ya wawili hubaki kwenye kompyuta za hao wawili. Wengine wa chumba hicho wanatunza hashi tu, alama inayokokotolewa kutokana na hati yenyewe. Badilisha sifuri moja kwenye bei, alama inakukana. Siku mkigombana, toa hati, kokotoa upya, linganisha. Mpaka siku hiyo bei yako haijaonwa na asiyehusika.

Ila jina na TIN usivichonge kwenye mnyororo usiofutika. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Mtu akidai vifutwe utamjibu nini?

Na ndiyo, najua, mtanitajia TradeLens, mfumo wa blokicheni wa kushirikiana hati za mizigo ya meli. Kampuni ya meli ya Maersk na ile ya kompyuta ya IBM waliuzindua 2018, na Novemba 2022 wakatangaza kuufunga, kwa kuwa sekta haikujiunga ya kutosha. Haya, nimekubali: kompyuta haimfanyi mtu amwamini mshindani wake. Wala haimzuii mwongo kuandika tani kumi palipo na nane.

Leo asubuhi kijana wa ofisini kaniuliza boksi la kopi za zamani alipeleke wapi, maana steshenari wanaliulizia. Nimelifungua. Kopi za vitambulisho vya taifa (NIDA) vya wateja wangu, zimejaa mpaka juu.

Nimelifungia kabatini. Ufunguo ninao mimi.