Kawa ya Nahodha

Kila mwaka kusi linapokaza, mnamo Juni na Julai, mashua yangu huvutwa pwani ya Matondoni ili itiwe kalfati upya, nami, ambaye miezi mingine huvusha watu na mizigo kati ya mji wa Lamu, Shela na Manda, hugeuka mtu wa kukaa dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni, na kuwaangalia punda wakipita. Mwaka wa mkasa huu, shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, naye alikuwa ndani ya arobaini kwa mama yake, katika nyumba ya ng'ambo ya kichochoro iliyoungana na yetu kwa wikio, yaani daraja la ghorofani linalovuka juu ya njia. Mama mkwe akatoa amri, kwa ule upole wake ambao sijawahi kumwona mtu akiukaidi, kwamba mjukuu atafunikwa blanketi la krosheti lililoungwa kwa vipande vya mraba, na kwamba kila mtu mzima wa nyumba hizi mbili atafuma kipande kimoja, ili mtoto alale chini ya kazi ya mikono ya jamaa zake wote.

Nilimuuliza mke wangu kama nahodha naye huhesabiwa katika watu wazima. Alinitazama kwa muda, kisha akaniwekea mapajani sindano ya krosheti ya milimita tano na donge la uzi wa sweta wa kijani alilolinunua Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, akaenda zake jikoni.

Isidhaniwe kwamba mwanamume wa Lamu huona haya kushika sindano. Kofia za vito, ambazo wageni hununua na kwenda kuzitundika ukutani, hushonwa hapa na wanaume, mchana kweupe, barazani, na jirani yangu wa daka la pili amezishona tangu kabla ya mimi kuota ndevu. Lakini kofia ni kofia. Krosheti tunaijua kuwa ni kazi ya mabibi na ya vitambaa vya makochi, na tofauti hiyo, ingawa sikuweza kumweleza mke wangu sababu yake, mimi niliihisi vizuri sana mgongoni kila alipopita mtu. Nilijipa moyo kwa hoja moja tu: mtu anayeweza kufunga demani, ile kamba ya tanga, gizani, huku bahari ikimtemea chumvi machoni, hatashindwa na uzi wa kijani akiwa ameketi kwenye mto.

Taabu haikuwa uzi. Taabu ilikuwa heshima. Mjuzi wa kazi hii nyumbani kwetu ni mama mkwe peke yake, na mama mkwe hawezi kuketi ubavuni mwa mkwewe akamshika vidole na kumwambia, "Si hivyo, baba, ni hivi." Kwa hiyo elimu ikalazimika kusafiri. Ilitoka kinywani mwake, ikavuka wikio, ikamfikia mke wangu jikoni juu, na mke wangu akanipigia kelele nikiwa chini kiwandani, yaani uani, bila ya yeye kuacha alichokuwa akikifanya. Na wakati wa asubuhi, mke wangu alichokuwa akikifanya ni kukuna nazi.

Mwanzo ulifika salama. Unafanya kitanzi, unakokota uzi ndani yake mara nne upate mnyororo mfupi, unaufunga mwisho kwa mwanzo ukawa pete. Kisha unapanda kwa vifundo vitatu vya mnyororo vinavyohesabika kuwa nguzo ya kwanza, yaani mshono mrefu wa kusimama, unaongeza nguzo mbili ndani ya pete, na hapo una fungu moja la nguzo tatu. Unafuma vifundo viwili vya kuachia nafasi, fungu jingine, nafasi nyingine, mpaka yawe mafungu manne, halafu unafunga mzunguko. Zile nafasi nne ndizo pembe. Hata jirani yangu wa kofia aliyekuja kuchungulia alikubali kwamba kidude kile kilielekea kuwa na pembe nne, ila akauliza kwa nini nimekaza uzi kana kwamba kuna tufani.

Mzunguko wa pili ndio ulionizamisha. Maelezo kamili, kama nilivyoyajua baadaye, ni haya: katika kila tundu la pembe utie mafungu mawili, na katikati ya mafungu hayo uache nafasi ili pembe izae pembe, lakini matundu ya ubavuni, yatakayoanza kuonekana baada ya mzunguko huo, yapate fungu moja moja tu. Mbuzi ya kukunia nazi ina sauti ya kusaga meno, na iliyameza maneno yote yahusuyo pembe na ubavu. Kilichonifikia mimi kiwandani kilikuwa, "Katika kila tundu, mafungu mawili!" Nikatii. Mtu wa bahari hufuata amri ya aliye juu.

Sasa, msomaji anayependa hesabu ataona mara moja kilichokuwa kikija. Mraba wa kweli huongezeka mafungu manne katika kila mzunguko: 4, 8, 12, 16, 20. Wangu, kwa kuwa kila tundu lilipata mawili, ukawa unajizidisha maradufu: 4, 8, 16, 32, na kwa mzunguko wa tano mahali pa mafungu 20 palisongamana mafungu 64. Hayakuwa na pa kulala. Ukingo ukaanza kujikunja, ukapanda, ukashuka, ukajivingirisha juu ya nafsi yake, mpaka nikawa nimeshika tumbawe zima la kisiwa cha Manda Toto, la kijani, linalonukia duka. Nilizidi kulibana kwa viganja nikitaraji litanyooka likipoa, kama kwamba lilitoka motoni.

Mpwa wangu, ambaye husoma Mombasa na huamini kuwa kila jambo lililotokea Lamu limekwisha kutokea mahali pengine na kuandikwa, alikipiga picha kile kipande na baada ya muda akaja na habari kwamba nisijali. Mnamo 1997, alisema, mwanahisabati mmoja mzaliwa wa Latvia, Daina Taimina, wa Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani, alifuma kwa krosheti maumbo ya namna hii makusudi, akiongeza vifundo kwa kipimo kilekile mzunguko baada ya mzunguko, ili wanafunzi wake waishike kwa mikono ile jiometri iitwayo ya haiperboli, yaani ya nyuso zinazojikunja kama mawimbi, ambayo karatasi iliyolala haiwezi kuionyesha vyema. Nilifurahi. Jirani yangu wa kofia hakufurahi hata kidogo. "Mama huyo," alisema bila kuinua macho kutoka kwenye kazi yake, "alilitaka hilo. Wewe ulitakiwa mraba."

Kipande kikapelekwa ng'ambo kwa njia ya wikio, nami nikangoja jibu kwa moyo uliokuwa ukinidunda. Mama mkwe hana desturi ya kumvunja mtu. Jibu lilirudi limefungwa kwa hariri: "Mashaallah, kina maua mengi. Mwambieni baba asichoke, afume kingine."

Katika kingine, mke wangu aliona aibu ya familia imetosha, akaja kusimama nyuma yangu mpaka mzunguko wa tano ulipotimia, na nakiri kwamba kile kilikuwa mraba wa kupendeza, kimelala juu ya mkeka bila hata kuinua sikio. Mpwa wangu akatumia nafasi hiyo ya amani kututangazia kwamba maelezo ya kale zaidi yajulikanayo ya mraba huu kuchapishwa yalitoka mwaka 1885, katika jarida la wakulima la Marekani liitwalo Prairie Farmer. Habari hiyo ilipelekwa ng'ambo, na mama mkwe akauliza kama jarida hilo limeeleza pia namna ya kumfundisha mkwe.

Kisha ikafika saa ya nazi. Mke wangu alipanda juu, na kutoka huko akanitupia agizo la mwisho, ambalo lilikuwa sahihi kabisa lilipotoka kinywani mwake: kwamba ubavuni ni fungu moja moja, lakini pembeni nisisahau mafungu mawili na nafasi yake. Mbuzi ilinibakishia, "Fungu moja moja!" Nikafuma fungu moja moja ubavuni, nikafuma fungu moja moja pembeni, na mzunguko uliofuata nikafanya vivyo hivyo. Mafungu 20 yakabaki 20, na 20, na 20. Na kitambaa ambacho hakiongezwi pembeni hakitandazi, husimama. Ukuta ulianza kupanda taratibu. Kwa kuwa nilikuwa nimeanza kuingiwa na hasira, uzi nao nikazidi kuukaza mzunguko baada ya mzunguko, na ukuta ukaanza kuinamia ndani. Nilipofunga fundo la mwisho nilikuwa na bakuli.

Jirani yangu aliliingiza kwenye goti lake, akalipima, akasema kwa kofia ni dogo na kwa kikombe ni kubwa. Nilimkataza mpwa wangu asiguse simu.

Hilo nalo lilivuka wikio. Jibu lilichelewa kuliko la kwanza, na baadaye nilielezwa kwamba upande wa pili palikuwa na kicheko cha shemeji ambacho ilibidi kwanza kizimwe kwa mto. Kisha likaja: "Mashaallah. Mkono wa baba una nguvu. Hiki tutakitafutia kazi yake." Kuhusu kipande cha tatu sina la kusema: mke wangu aliacha nazi, tukala wali mkavu mchana, nami nikatoa mraba wenye pembe nne ambao umo ndani ya blanketi mpaka leo, mstari wa chini, karibu na miguu ya mtoto. Lile tumbawe nililikuta siku moja limetundikwa kando ya birika, msalani. Limekuwa dodoki. Nasikia linasugua vizuri kuliko la dukani, kwa sababu ya yale mawimbi.

Siku ya arobaini wanawake walijaa ng'ambo na wanaume tukaketi dakani na kwenye mikeka iliyotandikwa kichochoroni. Yalipokwisha kusomwa yaliyosomwa, masinia yakatoka: mahamri, sambusa, kahawa chungu, na katikati ya sinia letu sahani ya halua iliyofunikwa kawa ya kijani. Niliitambua kabla haijatua. Mama mkwe alikuwa amelipindua bakuli langu, akalitia wanga likasimama kakamavu, akalizungushia ukili mwembamba chini, na juu kabisa, pale nilipoanza na vile vifundo vinne vya mwanzo, ameshonea kishikio. Nzi wa Lamu, ambao hawamwogopi mtu, walilizunguka wakaondoka.

Mzee aliyekuwa karibu na sinia aliliinua, akaligeuzageuza, akaingiza kidole kwenye matundu. Kazi safi, alisema. Upepo unapita na mdudu hapiti. Akauliza ni ya mama gani. Palikuwa na ukimya kidogo ambamo mimi nilijishughulisha sana na kahawa, na jirani yangu wa kofia, ambaye kumbe siku zote alikuwa akiitafuta fursa hiyo, akajibu kwa sauti ya kusikika hadi kwenye msikiti, "Ya nahodha."

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Lakini habari iliyotoka upande wa wanawake usiku ule haikuwa ya kicheko. Wageni waliiona kawa, wakaitaka, na mke wangu alikuwa amekwisha kupokea maagizo ya kawa sita pamoja na nusu ya fedha.

Nilianza kazi kesho yake, nikiwa sasa fundi, na hapo ndipo nilipogundua kwamba sikuweza. Kuruka pembe niliweza, na ukuta ulisimama, ila ulisimama wima kama mkebe, haukuinama kuwa kuba, kwa maana ya kwamba uzi haukukazwa vya kutosha, na haukukazwa kwa sababu mimi sikuwa na hasira. Nilikuwa mtu mwenye furaha na oda sita mkononi. Mke wangu alijitolea kunikasirisha, akanikumbusha yule abiria wa Manda ambaye hajanilipa, na kwa mizunguko miwili mambo yalikwenda vizuri, kisha nikamsamehe abiria na kawa ikalegea.

Ndipo ulipoletwa ujumbe wa mama mkwe kutoka ng'ambo, kwa adabu zake zote: kwamba ameona baba amelemewa, naye angependa kumsaidia hizo kawa, basi angeomba kuelezwa jinsi baba alivyofanya baada ya mzunguko wa tano. Niliona fahari ambayo sitaificha. Nikiwa kiwandani nilimweleza mke wangu polepole, kwa sauti kubwa, kwamba siri yote ni kutozijali pembe: fungu moja ubavuni, fungu moja pembeni, na kukaza. Mke wangu aliitikia kutoka juu, akayapokea maneno, akayapeleka wikioni. Ilikuwa asubuhi, na mbuzi ilikuwa kazini.

Jioni kazi ya mama mkwe ikaletwa, imekunjwa ndani ya leso safi. Niliifungua mbele ya jirani yangu. Ilikuwa mraba, wenye pembe nne zilizolingana, umelala juu ya mkeka sawasawa kabisa.

"Mashaallah," nilisema, nikaukunja tena kwa heshima. "Mwambieni Mama asichoke, afume kingine."