Je, Profesa Mmari alikuwa mtu sahihi wa kuanzisha Chuo Kikuu Huria?

Profesa Geoffrey Mmari alipokabidhiwa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania mwaka 1993, alikuwa ameshakuwa makamu mkuu wa chuo mara mbili: Sokoine kuanzia 1984, kisha Dar es Salaam kuanzia 1988. Kote huko kulikuwa na mabweni na kumbi za mihadhara. Huku alipewa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992 iliyokianzisha chuo, na wanafunzi ambao wangesoma wakiwa makwao na makazini. Alikiongoza chuo hicho hadi 2005.

Wapo wanaohoji kama mtu wa kampasi ndiye aliyefaa, na hoja yao si nyepesi. Kwenye kampasi mhadhiri ndiye kila kitu. Mwanafunzi asipoelewa, anamfuata ofisini. Katika elimu ya masafa kila kitu kimo kwenye kitini, na anayekisoma yuko peke yake usiku baada ya kazi. Mhadhiri hodari darasani anaweza kabisa kuandika moduli isiyosomeka. Kufikisha vitabu mikoani, kurudisha kazi zilizosahihishwa kabla mwenyewe hajakata tamaa, kumtafuta aliyenyamaza muhula mzima: hayo ndiyo mafundisho yenyewe, na mazoea ya kampasi huyaona kama kazi za karani.

Lakini tukumbuke hali ya wakati ule. Elimu kwa posta ilikuwapo nchini, ila shahada ya mtu asiyekaa darasani ilitiliwa shaka na waajiri, hata na wanataaluma wenyewe. Chuo kipya kilihitaji kuaminiwa kabla ya kitu kingine chochote. Aliyewahi kuongoza Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikuja na imani hiyo mkononi. Na mitihani inayosimamiwa katika vituo vya mikoa, ambayo wengine waliiona kama mabaki ya kampasi, ndiyo iliyolinda heshima ya cheti. Kwa hilo naona uteuzi ule ulikuwa sahihi.

Ninachokataa ni kuishia hapo. Heshima ya cheti humfaa aliyehitimu. Mwalimu wa shule ya msingi aliyejisajili, akasoma miaka miwili, kisha ada au watoto wakamshinda, habaki na kitu, ingawa jina lake limo katika hesabu ya udahili. Mrithi wa Mmari, Profesa Tolly Mbwette, mhandisi kwa taaluma, aliipa TEHAMA uzito mkubwa hadi alipoondoka 2015. Hatua hiyo inapunguza adha ya kusafirisha vitini, lakini kwa asiye na bando mzigo umehama tu kutoka chuoni kwenda mfukoni mwake.

Kwa hiyo atakayeomba kiti cha makamu mkuu wa chuo hicho aulizwe swali moja gumu kuliko wasifu wake: kati ya kila wanafunzi mia wanaoanza katika kila kituo cha mkoa, wangapi watamaliza, na kwa miaka mingapi? Majibu yatangazwe kila mwaka, kituo kwa kituo.