Ukucha Wangu Mbele ya Sheria ya Mfalme Æthelberht

Ukiwa na shemeji anayependa historia, ogopa Jumamosi. Wangu anaishi Kent, Uingereza, na Jumamosi hiyo alinitoa kwenye sofa akanipeleka kwenye maigizo ya Waanglo-Saksoni, watu wa Uingereza ya kale: Wazungu watu wazima, wahasibu na mafundi bomba, wamevaa sufu juani, wanachomana mikuki butu.

Watazamaji wakaombwa waingie kwenye ukuta wa ngao, yaani safu ya watu waliobananisha ngao zao. Shemeji akanisukuma mbele. Ngao ile ni ya mbao, katikati ina kibakuli cha chuma cha kulinda mkono, si kitu cha kuchezea ukiwa na kandambili. Jitu moja la ndevu lililopangwa kando yangu likapiga chafya, ngao ikaliponyoka, ikatua kwenye kidole gumba cha mguu wangu. Ukucha ukaenda zake.

Nilipiga yowe, nadhani Ufaransa walisikia. Dada wa huduma ya kwanza akaja na bendeji. Shemeji akaja na sheria.

"Usiondoke! Mfalme Æthelberht wa hapa Kent alipanga fidia ya kila kiungo, karibu mwaka 600! Jicho, shilingi 50. Jino la mbele, 6. Kidole gumba cha mguu, 10!"

"Basi nipewe 10," nikasema, machozi yananitoka.

"Kidole si bado unacho, shemeji? Ukucha peke yake ni sceatta 30." Sceatta 20 ndizo zilizofanya shilingi moja. Aliutazama mguu wangu kwa masikitiko, kana kwamba sikuumia vya kutosha.

Mzee mmoja mwenye joho akakalia kigogo, akawa hakimu. Shemeji akaongeza dai: kidole kimevilia damu, cheusi, na pigo jeusi lililo nje ya nguo ni sceatta 30 nyingine. Jitu likapinga: la ndani ya nguo ni 20 tu, na huyu alikuwa amevaa viatu!

Kesi nzima ikaiangukia kandambili. Ni vazi au si vazi? Ikazungushwa kwa wazee wa baraza, wakaigeuzageuza. Mmoja akainusa, sijui kwa kifungu gani. Hakimu akaamua: kitu chenye mikanda miwili tu hakijamvisha mtu. Jumla sceatta 60, yaani shilingi 3.

Kwetu Tanzania shilingi 3 haikupi hata pipi. Nilihesabiwa zangu, za bati, zinang'aa. Shemeji akachukua moja. Ya uwakili.