Cheti cha usawa na mlango wa choo cha soko

Kila mwaka, kabla bajeti ya Uganda haijapita Bungeni, inadaiwa cheti. Si cheti cha ukaguzi wa hesabu, hicho kina watu wake. Hiki kinathibitisha kwamba mipango ya serikali imezingatia jinsia na usawa, yaani imewafikiria wanawake na wanaume, watu wenye ulemavu na makundi mengine yaliyoachwa nyuma. Kimewekwa na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015. Anayekitoa ni Waziri wa Fedha, lakini ni lazima kwanza ashauriane na Tume ya Fursa Sawa, ambayo hupima karatasi za kila wizara na kuzipa alama. Chini ya 50 kwa 100 umefeli.

Mimi naishi upande wa Uganda wa mpaka wa mashariki, hapa ambapo Kiswahili ndicho lugha ya kupatania bei ya nyanya na ya kugombana na mwenye boda. Nimesikia hukumu mbili kuhusu Tume hii. Ya kwanza: ni sehemu ya kulipana mishahara Kampala. Ya pili, ya watu wa mashirika ya wanawake: hiki ndicho chombo pekee kilichowahi kumlazimisha mtu wa bajeti amtaje mwanamke. Nadhani wote wanakitazama cheti kikiwa bado Kampala. Huku chini kina sura nyingine.

Niliwahi kukaa kwenye kikao cha bajeti cha mji mmoja wa mpakani, sitautaja. Afisa mipango, kijana mpole, alikuwa anasoma haraka kama anayekimbia mvua. Alipofika ukurasa wa masoko akasoma kwamba huduma za vyoo "zitawanufaisha wanawake na wanaume kwa usawa", akafunua ukurasa. Mama mmoja anayeuza mukene, wale dagaa ambao wenzetu wa ng'ambo ya mpaka wanawaita omena, akanyoosha mkono. Akasema, "Mwanangu, mimi nafika sokoni saa kumi alfajiri kupokea mzigo. Choo kinafunguliwa saa moja. Wanaume wanajisaidia nyuma ya lori. Mimi niende wapi?" Watu wakacheka. Kijana hakucheka. Alirudi kwenye ukurasa ule akausoma tena kimoyomoyo, na nikaona amegundua kwamba ile sentensi haisemi kitu.

Hapo ndipo wakosoaji wa Tume wana haki yao. Kinachopewa alama, kwa sehemu kubwa, ni maandishi. Mwandishi hodari wa wizara akishajua maneno yanayotafutwa, anayaweka, na mwaka unaofuata anayahamisha yalivyo. Choo chetu kingeweza kupata alama nzuri tu na mlango umefungwa. Chukua pia mpango wa PDM (Parish Development Model), ule wa serikali wa kupeleka pesa hadi ngazi ya muluka, yaani parishi, shilingi milioni moja kwa mnufaika. Asilimia 30 imetengewa wanawake. Ni jambo zuri, na kabla ya mpango huo hapa petu hakuna aliyewahi kuwahesabu. Lakini kinachohesabika ni jina kwenye orodha. Ukishatoka ofisini, simu yenye pesa inaweza kuwa mfukoni mwa mume, na hakuna fomu inayouliza ng'ombe aliyenunuliwa ni wa nani.

Wakosoaji wana hoja nyingine ambayo wateteaji huwa wanaipita mbiombio. Haki kubwa walizozipata wanawake wa Uganda hazikuletwa na Tume hii. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu vya Sheria ya Urithi vilivyombagua mjane na binti, na ikafuta pia kosa la uzinzi jinsi lilivyoandikwa, kwa kuwa lilimbana mke kuliko mume. Kesi ililetwa na kikundi cha wanasheria wanawake. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu Kabisa ikasema kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba, ingawa mahari yenyewe ikaiacha. Kesi hiyo ilikuwa ya shirika la MIFUMI. Bunge nalo lilichukua hadi 2022 kuirekebisha Sheria ya Urithi. Miaka 15! Mtu akiuliza Tume ilikuwa wapi, si swali la kumkejelea.

Jibu lake moja ni la kalenda. Katiba ya 1995 iliitaja Tume hii, sheria yake ikaja 2007, kazi ikaanza 2010. Kesi zilizokuwa zimeshaanza hazikuwa na sababu ya kumngoja mtoto ambaye hajazaliwa. Jibu la pili ni zito zaidi: mahakama inafuta sheria mbaya, haiwezi kupanga bajeti nzuri. Jaji hawezi kuiambia halmashauri ifungue choo saa kumi alfajiri. Mtu wa bajeti anaweza, ila lazima kuwe na kitu kinachomsukuma, na kabla ya 2015 kilichokuwepo ni kuomba tu. Ukiniuliza kama sheria ile ilibadilisha kitu, nitasema ndiyo: ilihamisha suala la mwanamke kutoka hotuba za tarehe 8 Machi na kulipeleka kwenye meza ya mhasibu.

Lakini nguvu ya Tume ambayo watu wengi hawaijui si cheti. Ni baraza lake la kusikiliza malalamiko. Kisheria lina nguvu kama za mahakama: linaita mashahidi, linadai nyaraka, linatoa amri, na asiyeridhika anakata rufaa Mahakama Kuu. Mlalamikaji hahitaji kukodi wakili ili afungue lalamiko. Mwanamke aliyefukuzwa kazi kwa sababu ana mimba, kijana mwenye ulemavu aliyenyimwa nafasi kwa kuwa ofisi iko ghorofani, hao ndio watu wake. Ningekuwa na shilingi kumi za Tume, saba ningezitia huku, maana huku ndiko analalamika mtu mwenye uso.

Na hata nguvu hii ilizaliwa imefungwa mguu. Sheria ya 2007 ilikuwa na kifungu kilichoikataza Tume kuchunguza jambo linalohusu tabia ambayo jamii nyingi za Uganda zinaiona ni uovu au haikubaliki. Hebu fikiria. Unaunda chombo cha kuwalinda wachache na wanyonge, kisha unakiambia kiwaulize wengi kwanza kama wanaruhusu. Wanaokitetea kifungu kile walikuwa na sababu yao: Tume isigeuzwe mlango wa kupitishia mambo ambayo Bunge na jamii zimeyakataa. Naielewa hofu hiyo, hata kama siishiriki. Ila kwa mizani hiyo hiyo, mjane anayekataa kurithiwa na shemeji yake naye angeweza kuambiwa kwamba jamii haikubali. Mwanasheria Adrian Jjuuko alikipeleka kifungu hicho Mahakama ya Katiba mwaka 2009, na hukumu ya kukifuta ikatoka Novemba 2016. Kwa karibu nusu ya umri wake Tume ilikuwa ikisikiliza kwa sikio moja.

Suala la kuiunganisha Tume na Tume ya Haki za Binadamu, ambalo limekuwa likienda na kurudi tangu serikali ilipoanza mwaka 2018 kuzungumzia kupunguza mashirika ya umma, sitalikalia sana. Hoja ya gharama ni ya kweli. Tuna Wizara ya Jinsia, tuna Baraza la Taifa la Wanawake, tuna tume mbili, na mlipa kodi ni yule yule. Tuliona pia mwaka 2024 mamlaka ya kahawa ikirudishwa ndani ya Wizara ya Kilimo, kwa hiyo si maneno matupu. Wasiwasi wangu ni mmoja. Tume ya Haki za Binadamu ina kesi za mateso na watu waliokamatwa kinyume cha sheria. Ukiziweka meza moja na malalamiko ya mlango wa choo, unajua faili gani litakaa chini. Na ndivyo inavyopaswa kuwa, mateso ni mateso. Basi mlango utafute meza yake.

Wapo pia wanaosema wanawake wameshafika: mwaka 2021 Jessica Alupo aliteuliwa Makamu wa Rais na Robinah Nabbanja Waziri Mkuu, na Bunge lilishapata Spika mwanamke zamani, Rebecca Kadaga, mwaka 2011. Sawa. Muuza mukene anawajua wote kwa majina. Wao hawafiki sokoni saa kumi.

Linalonikera mimi ni dogo zaidi, na silisikii likisemwa na upande wowote. Alama za cheti, ripoti za Tume za kila mwaka, zile kurasa za bajeti zinazomtaja mwanamke, zote zimeandikwa Kiingereza. Kiswahili kiliwekwa kwenye Katiba kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likakumbushia tena. Bado sijaona ukurasa mmoja wa bajeti ya jinsia uliobandikwa sokoni kwa Kiswahili, au kwa Kisamia, au kwa Luganda. Cheti kinasema wananchi wamefikiriwa, kwa lugha ambayo aliyefikiriwa hawezi kuisoma akabisha. Wateteaji wakilitatua hili, nusu ya hoja za wakosoaji zinaanguka, kwa sababu maandishi yakimfikia anayeandikwa si maandishi tu tena. Ni ahadi yenye tarehe.

Baada ya kikao kile yule mama alimfuata afisa mipango hadi kwenye ngazi, akamwomba ukurasa wa masoko. Kijana akasita, kisha akautoa. Wakaenda wote hadi duka la fotokopi lililo mkabala, mama akalipa mwenyewe. Mwenye duka, anayejua Kiingereza, akamsomea kwa Kiswahili mstari kwa mstari, na kila alipofika penye "usawa" mama alikuwa anauliza, "Wapi wamesema saa?" Hakuna palipoandikwa saa. Akaazima kalamu, akaandika mwenyewe pembeni: saa 10 alfajiri. Akaikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye mfuko wa aproni pamoja na noti za mauzo, akarudi kwenye mzigo wake kabla jua halijauharibu.

Kikao kijacho ni mwaka ujao wa fedha. Choo bado kinafunguliwa saa moja.