Sindano ya Leicester, Sweta ya Nakuru

Kila muhula unapokaribia kufunguliwa, mafundi wa sweta mjini Nakuru hukesha. Mashine ya mkono imefungwa kwenye ukingo wa meza, koni za uzi wa akriliki zimepangwa sakafuni kwa rangi za shule, na mama mmoja anasukuma kigari kushoto na kulia juu ya safu ya sindano, huku kipande cha mgongo kikiteremka taratibu upande wa chini. Wapita njia huiona kuwa kazi ndogo ya kutafutia karo. Mimi naishi Leicester, katikati ya Uingereza, na mtazamo huo siukubali, kwa kuwa sindano zilizo ndani ya mashine hiyo zina asili yake huku.

Anayetajwa kubuni mashine ya kwanza ya kufuma soksi, mwaka 1589, ni William Lee wa Calverton, karibu na Nottingham. Inasimuliwa kwamba Malkia Elizabeth wa Kwanza alimnyima hataza kwa kuhofia riziki ya wafumaji wa mikono, naye hatimaye akahamia Ufaransa. Sindano zake zilikuwa na ncha ndefu iliyopinda, ambayo ilibidi ibonyezwe kila mstari ili kitanzi cha zamani kipite juu ya kipya. Ni Matthew Townsend, mtengenezaji wa soksi wa hapa Leicester, aliyesajili mwaka 1849 sindano yenye ulimi mdogo unaofunguka na kufunga wenyewe kadiri vitanzi vinavyopita. Ulimi huo ndio uliorahisisha mashine za nyumbani, na ndio utakaouona ukiinama kuitazama mashine ya fundi wa Nakuru.

Waingereza wanaiheshimu historia hii, tena kwa kiingilio. Kijijini Ruddington, nje ya Nottingham, karakana za wafumaji zimegeuzwa makumbusho. Kinachonigusa zaidi huko si mashine bali hesabu ya maisha yao: wengi walikodi mashine kutoka kwa matajiri, na kodi ilikatwa kwenye ujira hata wiki ambazo kazi ilikuwa haba, utaratibu ambao sheria haikuupiga marufuku hadi mwaka 1874. Mwaka 1811 wafumaji wa eneo hilo walianza kuzivunja mashine kwa hasira ya ujira duni na soksi hafifu zilizoharibu soko lao. Mwaka uliofuata Bunge likaifanya adhabu ya kosa hilo kuwa kifo.

Simulizi za mitindo, hata hivyo, huwapita watu hao na kukimbilia majina makubwa. Zitakueleza jinsi mbunifu wa mitindo wa Ufaransa, Coco Chanel, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, alivyochukua jezi, kitambaa cha kufumwa kilichodhaniwa kufaa nguo za ndani za wanaume tu, akawashonea kwacho mabibi wa Ufaransa magauni. Au jinsi Mwana wa Mfalme wa Uingereza alivyovaa sweta ya Fair Isle kwenye gofu mwaka 1922, na kazi ya wanawake wa visiwa vya Shetland ikawa fasheni. Kitambaa hakikubadilika, alibadilika mvaaji.

Nyumbani Kenya bado tunamngoja mvaaji huyo. Mtu wa Nakuru atachagua kadigani ya mtumba iliyochakaa viwiko, mradi imetoka ng'ambo, huku kule Njoro wanawake wa Kenana Knitters wakisokota sufu na kufuma wanyama wa kuchezea ambao wanunuzi wa ng'ambo wanawathamini kuliko sisi. Wala nisiisifu Leicester kupita kiasi: viwanda vingi vya sweta vimefungwa, nguo madukani zinatoka Bangladesh na China, na mwaka 2020 zilifichuka habari za washonaji wa mji huu waliolipwa chini ya kima cha sheria. Kufuma kwa mkono kumebaki burudani, na uzi wa sufu wa sweta moja huweza kugharimu kuliko sweta iliyo tayari.

Nakuru, basi, ina kitu ambacho Leicester imekipoteza: fundi unayeweza kumwendea na kumwambia aongeze mkono inchi mbili kwa sababu mtoto anakua. Kinachomdhoofisha ni shule inayomlazimisha mzazi kununua katika duka moja, ambalo humlipa fundi huyo huyo ujira mdogo kisha likashonea lebo yake. Nadhani mzazi aruhusiwe kununua kwa fundi yeyote, na fundi aweke jina lake mwenyewe. Wanaopinga husema rangi zitatofautiana, lakini koni za uzi huuzwa kwa namba za rangi. Shule ikitaja namba katika barua ile ile inayoorodhesha vitabu na karo, fundi wa mtaa wowote ataifuata.